Mama alitibiwa kansa ya titi miaka ya nyuma, sasa majibu ya kinyama kilichopimwa maabara yanasema kansa ya mfuko wa uzazi. Imerudi au ni nyingine?

Kipepeo_Mweupe (mwanzisha uzi):

Wanajamvi habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wenye uelewa au waliopitia hili, usingizi umegoma nimeona niandike tu.

Mama yangu ana miaka 63. Mwaka 2015 alikutwa na kansa ya titi la kulia, wakaliondoa lote, akapitia dripu za kemo, akapigwa mionzi, na 2016 akaanzishiwa vidonge vya tamoksifeni na hivyo ndo amekuwa navyo mpaka juzi juzi hapa, kidonge kimoja kila siku asubuhi. Kliniki hajawahi kukosa. Picha za kifua na ultrasaundi za tumbo zilikuwa zinatoka safi, sisi tukajua tumeshavuka.

Mwaka huu akaanza kuona uchafu wa rangi ya chai, siku nyingine damu kidogo. Hedhi ilishakoma kitambo sana. Hakutuambia, mnawajua mama zetu, akaenda zahanati ya karibu akaambiwa UTI, akapewa dawa, ikakata, ikarudi, akaambiwa UTI sugu akachomwa sindano. Mpaka dada yangu alipoona kanga ina damu wakati wa kufua ndo tukambana akasema. Hospitali ya rufaa wakampima ultrasaundi ya kupitia ukeni wakakuta ukuta wa ndani wa mfuko umenenepa, wakakwangua kinyama, majibu yameandikwa adenokasinoma aina ya endometrioidi, gredi 2.

Daktari kasema kizazi kitolewe. Foleni ilikuwa ndefu tukatoka na maswali yote mdomoni. Hii ni ile ya titi imetembea ikafika huku, au ni nyingine kabisa? Maana wajomba nyumbani wameshaanza "imesambaa hiyo, msimtese mama na visu." Jirani anasema ni hizo tamoksifeni. Na mbona papsmia alipima 2023 ikawa safi? Msaada tafadhali, matusi sitaki.

Mdau_wa_Mbozi:

Pole sana mkuu. Mungu amsimamie mama.

Tabibu_Asilia:

Dada achana na visu, wakishafungua hewa ikiingia tu inasambaa. Chemsha majani ya stafeli anywe kutwa mara tatu, nimewatibu wengi wapo wazima. Njoo PM.

Nesi_wa_Zamu:

Tabibu hiyo habari ya hewa tumeisikia tangu tunasoma shule ya uuguzi na bado haina ukweli, kansa haisambai kwa sababu imeona hewa. Wanaofunguliwa wakakutwa imesambaa walikuwa imesambaa kabla hawajafika mezani. Na stafeli kwa taarifa yako ina kitu kinaitwa anonasini, kule kisiwa cha Guadeloupe watafiti waliihusisha na magonjwa ya kutetemeka na kukakamaa kwa watu wanaoitumia sana. Tuliache hilo.

Kipepeo pole mdogo wangu. Mimi ni nesi, wodi ya kansa nimekaa miaka mingi, ila si daktari na makaratasi ya mama sijayaona, kwa hiyo haya chukua uende nayo kliniki uyaulize.

Kansa inaitwa kwa jina la mahali ilipoanzia, sio ilipofikia. Kansa ya titi ikienda kwenye ini bado ni kansa ya titi iliyoko kwenye ini na inatibiwa kwa dawa za titi. Sasa karatasi yako imesema endometrioidi, maana yake aliyeangalia kwa darubini ameona seli za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi zimeharibika palepale zilipo. Ingekuwa ni ya titi imehamia wangeandika wazi kwamba ni iliyotoka sehemu nyingine. Ya titi kuhamia kwenye mfuko wa uzazi inatokea lakini ni nadra mno, na mara nyingi ni ile aina ya lobula (inayoanzia kwenye vitezi vya maziwa), na ikifika huko unakuta na sehemu nyingine imeshafika. Kwa hiyo kwa maelezo yako hii ni kansa MPYA, ya kwanza kabisa ya aina yake kwa mama, na ndo maana daktari anaongelea upasuaji wa kuponyesha. Waambie wajomba hivyo hivyo. Mgonjwa wa kansa iliyosambaa na mgonjwa wa kansa mbili tofauti ni watu wawili tofauti kabisa, matibabu tofauti na matumaini tofauti.

Kama mnataka uhakika zaidi ulizeni kama maabara wanaweza kupaka kinyama rangi maalum, kuna PAX8 ambayo huonyesha seli za huku chini na GATA3 ambayo huonyesha seli za titi. Na mkiweza tafuteni kibloku cha zamani cha 2015, kile kipande kilichohifadhiwa kwenye nta. Sio kila maabara wanatunza muda mrefu ila kuuliza si kosa.

Papsmia ni kipimo cha mlango wa kizazi, kule chini, na kansa ya mlango inaletwa na kirusi cha HPV. Hii ya mama iko juu ndani ya mfuko na haihusiani na HPV hata kidogo. Watu wote wanasema "kansa ya kizazi" basi tunachanganya. Papsmia kuwa safi haikuwa na maana yoyote kwa huku juu.

Kipepeo_Mweupe:

Dada nesi Mungu akubariki. Nimemsomea mama kipande cha "kansa mpya" amekaa kimya halafu akauliza "kwa hiyo ile ya kwanza ilipona kweli?" Sikujua nilie au nicheke.

Jabali_la_Pwani:

Kwa hiyo jirani yuko sahihi, tamoksifeni ndo imemletea. Hizi dawa za wazungu unatibu hapa unabomoa kule. Tena WHO wenyewe wameiweka kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha kansa, kagugo.

Mchana_Kweupe:

@Jabali umegugo nusu. Ni kweli shirika la utafiti wa kansa la WHO liliiweka kundi la kwanza mwaka 1996 kwa sababu ya hii hii kansa ya mfuko wa uzazi, na hapo hapo wakasema inapunguza kansa ya titi la pili. WHO hao hao mpaka leo wanayo kwenye orodha ya dawa muhimu. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja.

Hii dawa kwenye titi inakaa mahali estrojeni, ile homoni ya kike, inapotakiwa kukaa, inaiziba. Kwenye mfuko wa uzazi inageuka, inafanya kazi kama estrojeni yenyewe na kuusukuma ukuta ukue. Ni mlinzi ambaye geti la mbele anafukuza wezi, la nyuma anawafungulia.

Sasa anawafungulia wangapi? Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1998 ulikuta waliotumia tamoksifeni wanapata kansa ya mfuko wa uzazi karibu 2.3 katika kila wanawake 1,000 kwa mwaka, wasiotumia karibu 0.9. Ongezeko lote karibu liko kwa waliovuka miaka 50. Na utafiti wa ATLAS wa wanawake zaidi ya 12,000 ulilinganisha miaka kumi ya dawa na miaka mitano: kansa ya mfuko ilipanda kutoka asilimia 1.6 mpaka 3.1, lakini waliokufa nayo walikuwa asilimia 0.4 kwa 0.2, wakati vifo vya kansa ya titi vilishuka kutoka 15 mpaka 12.2. Fanya hesabu mwenyewe. Kwa mwenye kansa ya titi yenye vipokea homoni (ile inayolishwa na estrojeni) miaka mitano tu ya hiyo dawa inapunguza vifo vya titi kwa karibu theluthi moja.

Kwa hiyo kwa mama wa mleta uzi, ndiyo, inawezekana kabisa dawa ina mchango. Na inawezekana kabisa bila hiyo dawa tusingekuwa tunamjadili leo akiwa hai. Na kuna mengine yanayoshirikiana kwenye kansa zote mbili, unene, kuchelewa kukoma hedhi, kutozaa. Hata mafuta ya mwili yanatengeneza estrojeni baada ya ovari kupumzika. Mlaumu nani hapo?

Jabali_la_Pwani:

Sawa mkuu nimekuelewa. Ila hospitali walipaswa kusema hilo siku ya kwanza wanampa dawa.

Nesi_wa_Zamu:

Hapo Jabali nakuunga mkono mia kwa mia. Mwanamke anayepewa tamoksifeni anatakiwa aambiwe sentensi moja tu: ukiona damu au uchafu wa rangi ya ajabu baada ya hedhi kukoma, hata tone, njoo siku hiyo hiyo usisubiri tarehe ya kliniki. Damu baada ya hedhi kukoma sio UTI mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wengi wanaotoka damu hivyo hawana kansa, ni kama mmoja kati ya kumi na moja ndiye anakutwa nayo, lakini wenye kansa yenyewe tisa kati ya kumi walianza na damu. Huo ndo mlango wa kuikamatia mapema.

Mama_Wawili:

Mimi naitumia tamoksifeni mwaka wa tatu sasa na hedhi yangu bado ipo, nina 41. Hapa mmenitisha jamani. Si bora niwe napima ultrasaundi ya ukeni kila mwaka?

Nesi_wa_Zamu:

Mama Wawili kwa umri wako tafiti hazikuonyesha ongezeko la maana, tulia. Na ultrasaundi ya kila mwaka kwa asiye na dalili haishauriwi, sio ubahili. Tamoksifeni yenyewe inaunenepesha ule ukuta na kuweka vimaji maji ndani yake bila kansa yoyote, sasa ukipima kila mwaka utaambiwa umenenepa, utakwanguliwa, utatishika, majibu yatatoka safi, mwakani tena. Cha kuangalia ni damu isiyo ya kawaida yako. Katikati ya mwezi, baada ya tendo, au hedhi iliyobadilika ghafla. Usiache dawa kwa sababu ya uzi huu tafadhali.

Kibibi_Mombasa:

Kipepeo mwanangu, shikamoo si yangu kukupa ila nakupa pole. Mie nimepita njia hio hio ya mamako, titi 2011, kizazi 2019, na nipo hapa naandika na miwani yangu. Walipon'ambia mara ya pili nilimwambia daktari nifungie kitabu basi. Akanicheka, akanambia bibi hiki ni kitabu kingine.

Nikwambie mambo ambayo hayakuandikwa kwenye karatasi. Kwanza chukua faili lote la zamani. Mie dripu yangu ya 2011 ilikuwa ile nyekundu, na walitaka kujua nilipata kiasi gani jumla maana ile ina kikomo chake maishani kwa ajili ya moyo. Faili lilikuwa limepotea, ikabidi wanipime eko, ultrasaundi ya moyo, kwanza. Kama mamako alipata ganzi za vidole vya mikono na miguu na kemo ya kwanza aseme mapema, kwani kemo ya kizazi ikihitajika mara nyingi ni kaboplatini na paklitakseli na hio ya pili ndio yenyewe ya ganzi.

Pili, tamoksifeni hugandisha damu. Daktari wa usingizi ajue kama ilikuwa ikitumika mpaka lini. Tatu, upande wa titi lililotolewa, kama mkono huvimba, awaambie kabla hawajaanza kufunga mikanda na kutafuta mishipa. Pale watu ni wengi na wana haraka, mgonjwa asikae na haya.

Daudi_Eldy:

Poleni sana. Niko Eldoret, mke wangu alifanyiwa hii operation mwaka jana. Cha maana hakikisheni anaifanya daktari wa upasuaji wa kansa za wanawake kama anapatikana, si kila anayetoa fibroids. Wanatoa uterasi mzima pamoja na mirija na ovari zote mbili na wanaangalia tezi za nyonga. Na itolewe nzima, isikatwekatwe ikiwa bado ndani ya tumbo, hiyo ndio inamwaga seli. Swali la kuuliza before hajaingia theatre.

Kipepeo_Mweupe:

Asanteni sana wote. Bibi wa Mombasa shikamoo, nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Faili la kemo tumelipata kwa baba, anatunza risiti zote mpaka za mwaka tuliohamia hapa, leo nimemshukuru kwa tabia tuliyokuwa tunamtania nayo.

Swali lingine. Steji ni ngapi? Kila mtu ananiuliza steji na mimi sina jibu. Gredi 2 ndo steji ya pili?

Nesi_wa_Zamu:

Hapana, hivyo ni vitu viwili. Gredi ni tabia ya seli, zinafanana vipi na seli za kawaida, moja mpaka tatu. Ya 1 na ya 2 wanaziweka kundi la taratibu, ya 3 ndo kali. Steji ni umbali iliofika, na kwa kansa hii steji kamili inajulikana BAADA ya upasuaji, kizazi kikishachunguzwa maabara. Ikiwa bado ndani ya mfuko tu ni steji 1: imeingia chini ya nusu ya unene wa nyama ya mfuko ni 1A, imefika nusu au zaidi ni 1B. Ikishuka mpaka nyama ya mlango ni 2, ikitoka nje kwenda kwenye ovari au tezi ni 3, ikiingia kibofu, utumbo au mbali ni 4. Emaraai na siti skani za kabla zinakisia tu. Kwa hiyo wakikuuliza steji wajibu bado.

Na pale maabara ombeni wapime pia protini za MMR (zinazorekebisha makosa ya DNA kwenye seli) na p53 (inayozuia seli mbovu zisikue) kama uwezo upo. P53 ikiwa mbovu hata gredi ndogo inatibiwa kwa ukali zaidi. MMR ikikosekana kuna uwezekano wa ugonjwa wa kurithi unaoitwa Lynch, unaoleta kansa ya utumbo mpana na ya mfuko wa uzazi kwenye ukoo, na hapo ni wewe na dada yako mnahusika, siyo mama peke yake. Kuna na Cowden ambayo inaunganisha titi, mfuko na goita, hiyo ni nadra. Kwenu kuna aliyeumwa utumbo?

Kipepeo_Mweupe:

Kaka yake mama alifariki na tumbo 2009, hatukuwahi kuambiwa tumbo gani. Nitaomba kipimo.

Kipepeo_Mweupe:

Mrejesho wakuu, samahani nilikaa kimya. Mama amefanyiwa upasuaji, kizazi na ovari vyote vimetoka, kachelewa kuamka na usingizi kidogo lakini sasa anatembea uani na kunikosoa namna ninavyofagia. Majibu yamerudi: steji 1B, gredi 2, tezi hazina kitu, p53 kawaida, MMR zote zipo. Na wamepaka zile rangi, PAX8 imewaka na GATA3 haikuwaka. Ni ya huku huku.

Mjomba mkubwa nimempigia nikamsomea mstari kwa mstari. Akasema "basi sawa."

Sasa daktari anapendekeza mionzi ya ndani tu, ya kupitia ukeni, hospitali ya kansa ya Ocean Road, bila kemo. Mbona wengine wanapigwa ya nje kwa wiki tano? Naogopa isije ikawa wanabana matumizi.

Mchana_Kweupe:

Hawabani. Kuna utafiti wa Uholanzi, PORTEC-2, uliotoka 2010, ulichukua wagonjwa wa namna ya mama hasa, waliovuka 60 na kansa imepita nusu ya nyama, gredi 1 au 2. Nusu wakapewa ya nje nusu ya ndani. Baada ya miaka mitano kansa kurudi ukeni ilikuwa chini ya asilimia 2 pande zote mbili, na waliopata ya ndani hawakuharisha sana kama wa ya nje na maisha yao yalikuwa nafuu. Daktari wenu anajua anachofanya.

Kibibi_Mombasa:

Mie nilipata hio ya ndani. Ni mara chache tu, unalala wanaweka kifaa kama kidole kinene, wao watoka chumbani, mashine yavuma dakika kadhaa basi wakutoa warudi nyumbani siku hio hio. Hawi na mionzi mwilini baadae, wajukuu wampakate wapendavyo. Kiudhi chake ni kuwa kule chini hukauka na kujikaza, watampa vifaa vya kujitanua ili hata daktari akitaka kumpima baadae asiumie, asivione haya akavitia kabatini. Mafuta ya kulainisha yawe yasiyo na homoni, mwambie mwenye duka la dawa historia ya titi.

Kipepeo_Mweupe:

Asante bibi, hilo la mwisho nitamwachia dada amwambie. Na tamoksifeni wamesema asirudie. Nimeuliza kama ahamie zile nyingine, letrozole au anastrozole, daktari wa titi akasema hizo haziugusi mfuko wa uzazi ila zinalegeza mifupa, na kwa kuwa mama ameshatumia miaka tisa anaona inatosha, watamfuatilia titi la kushoto kwa mamogramu. Kliniki mbili sasa, ya titi na ya huku. Baba kanunua faili jipya la kijani.

Mama_Wawili:

Hongera kwa mama. Kipepeo hiyo ya PAX8 na GATA3 walitoza shilingi ngapi? Kuna shangazi yangu anahitaji.

Kipepeo_Mweupe:

Nimekutumia PM.